Kona ya 58

Matamba, Makete
Jumatano usiku

Lusajo mwanakwetu,

Ugonile? Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, salamu zimeisha, mwalimu wetu wa darasa la sita angenipa alama zote. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto.

Nimeanguka. Jumatatu asubuhi, kwenye zile kona 57, nashuka Chimala na bodaboda yangu, nimempakia mama Anyisile anayewahi basi la Mbeya. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Juu utelezi mwembamba kama uji, chini udongo mgumu. Gurudumu la mbele likaenda lilikotaka. Breki sikushika, naapa (niligusa tu). Mama Anyisile akatua kwenye majani amekaa vilevile, mkoba mapajani, akaniambia, "Mwanangu, si ungesema kwamba tunashukia hapa." Mwakalinga kashapata habari, na unamjua mdomo wake. Sasa kijiwe kizima kinaniita Kona ya 58.

Basi nimeitoa tena ile barua yako ya mwezi wa kumi na mbili. Mara ya kwanza niliisoma nikicheka, safari hii naisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Unasema pikipiki ya theluji uliyonunua kwa mtu, ule mkanda wake wa mpira unaozunguka nyuma badala ya gurudumu umekwisha meno, unatafuta mpya wa inchi 137, na unajiuliza uchukue wenye misumari ya kiwandani au utoboe mwenyewe uweke misumari 144. Mashimo 144 kwenye mpira mpya! Mziba pancha yeyote wa Mwanjelwa, pale Mbeya, angekushika mkono. Ila ulivyoeleza nimeelewa: msumari unaingia kutokea ndani ya mkanda, nje unakazwa kwa bamba na nati, na ncha yake ni kabaidi, ngumu kuliko chuma. Nikaelewa pia kwamba theluji ya kina inataka meno marefu ya kupiga kasia, hata inchi mbili na nusu, lakini barafu ngumu haina habari na meno, inataka kitu cha kuichoma.

Hapo nikakaa kimya kidogo. Kumbe tope letu nalo ni la aina mbili! Kule mashambani upande wa Kitulo, ninakotoa viazi, tope linameza gurudumu nusu. Hiyo ndiyo theluji yako. Kona 57 ndiyo barafu yako. Na chini Chimala kuna lami, inayotafuna tairi la meno marefu kama mtoto na muwa. Mimi nina tairi moja la nyuma kwa vyote vitatu.

Kuna duka pale Mwanjelwa, sitalitaja, lililoniuzia tairi "jipya" mwaka juzi. Lilikuwa linang'aa kweli. Baada ya miezi mitano likaanza kupasuka ubavuni kama kisigino cha kiangazi. Ndipo kijana mmoja akanionyesha zile tarakimu nne za ubavuni zinazosema tairi lilitengenezwa lini: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi langu lilikuwa limekaa stoo miaka saba! Sasa nikiingia dukani nainama kwanza, ndipo nasalimia.

Safari hii nimewekewa matairi mawili ya saizi 3.00-18, nichague moja. Moja meno yake ni marefu na yameachana, udongo unachomoka wenyewe likizunguka. Jingine ni meno mafupi yaliyobanana. Hilo linakaa vizuri kwenye lami, lakini udongo wetu mwekundu ukishajaa katikati ya meno, unaendesha andazi. Nilikuwa nimeamua la kwanza, nalipa, naondoka. Kisha nikarudia pale uliposema kwamba ukipiga misumari nyuma bila kuweka vyuma vya kabaidi chini ya zile skii za mbele (miguu ya kutelezea), mtambo unasukumwa moja kwa moja na kona haukati.

Lusajo, mimi nilianguka kwa mbele! Miaka yote nahangaikia la nyuma kwa sababu ndilo linalovuta, na la mbele nalisubiri mpaka liwe kipara ndio nalikumbuka. Hela niliyonayo ni ya tairi moja.

Kufunga mnyororo kuzunguka tairi nimejaribu. Ukilegea kidogo unakamata madigadi. Kupunguza upepo kunasaidia topeni, lakini juzi nilizidisha, tairi likazunguka kwenye ringi likakata tyubu pale penye valvu. Nikasukuma kilomita nne na gunia, tena lumbesa.

Yule Bombardier wa Kanada uliyenisimulia, mbunifu wa magari ya theluji, aliyefiwa na mtoto mwaka 1934 kwa sababu theluji ilifunga njia ya hospitali, akahangaika na mkanda wake mpaka 1937 akapata hataza, sikumtilia maanani wakati ule. Lakini mwezi uliopita nilimteremsha mke wa Tuntufye saa nane usiku, uchungu umeshaanza, kwa matairi hayahaya. Hatukuanguka. Hiyo safari ndiyo inayoninyima usingizi, si ya Jumatatu.

Sasa niambie. Ungekuwa mimi, ungeanza na la mbele? Ukiweka meno marefu mbele, si usukani utatetemeka kwenye lami? Na la nyuma nilisogeze hadi kiangazi, au nikope kwa Mwakalinga nivumilie maneno yake? Wewe umeamua nini kuhusu mashimo yako 144? Kama unapita zaidi theluji laini, misumari yote hiyo ya nini? Na je, huko wanauza mkanda uliokaa stoo miaka saba?

Barua naipiga picha nikutumie kwa simu, maana kwa posta itakukuta viazi vimeshaota. Jamaa amenishikia matairi mpaka Jumamosi.

Mama Anyisile anakusalimia. Anauliza hiyo yako ina siti ya nyuma?

Wako,
Ambwene