Kuhusu kuingiza seti za kadi kwenye kanzidata

Ndugu wanakikundi, salaam.

Nimepitia maingizo ya wiki hii na ninawashukuru kwa bidii yenu, ila naomba turekebishe jambo moja kabla hatujaendelea. Seti ya kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu ya kampuni ya Fleer ya msimu wa 1986-87 ina kadi 132, na Michael Jordan yumo kwa nambari 57. Lakini pakiti zilezile zilizouzwa na kadi hizo zilikuwa pia na stika, jumla yake 11, zenye nambari zake zenyewe, ambamo Jordan ni nambari 8. Stika hizo zimeingizwa ndani ya seti kuu, na sasa nambari 8 ina wachezaji wawili. Tuzifungulie stika hizo seti yake ya pekee, kisha tuiwekee kiungo tu cha kuelekea ile kuu, bila kuzichanganya.

Nambari isomwe mgongoni mwa kadi yenyewe, si kwenye orodha ya muuzaji. Kadi iliyopigwa chapa ya 25/99 ni nakala ya 25 kati ya 99. Hiyo si nambari ya kadi, na ina safu yake kwenye kanzidata.

Stika nitazihamisha mwenyewe leo jioni, kwa hiyo tafadhali msiziguse hadi nitakapowajulisha.