Wifi, usingizi wa mtoto hutengenezwa saa mbili, si saa nane

Wifi yangu, salamu.

Umeuliza kwa nini mwanao wa mwaka na miezi minane anaamka mara nne au tano kila usiku ilhali ameshiba, hana homa na chandarua hakina tundu. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hili si lako peke yako.

Kwanza, hakuna mtu anayelala moja kwa moja hadi asubuhi, awe mtoto au mtu mzima. Usingizi wa mtoto wa umri huo huja kwa mizunguko ya takriban saa moja, na kila mzunguko unapoisha hushtuka kidogo, akageuka, akapapasa. Akikuta mambo yako kama alivyoyaacha, anazama tena. Wako alisinzia ziwa likiwa mdomoni na mkono wako ukimpigapiga mgongoni. Anashtuka, ziwa halipo, mkono haupo. Wewe mwenyewe ukilala feni inazunguka, umeme ukikatika unaamka ingawa hakuna aliyekugusa. Yeye ziwa ndiyo feni yake.

Kwa hiyo usihangaike kumfundisha kusinzia bila ziwa saa nane usiku, ukiwa hoi na majirani wa upande wa pili wanagonga ukuta. Fundisha saa mbili, anapolala mara ya kwanza.

Kabla hujaanza, hakikisha si mwili unaomsumbua. Akijikuna makalio usiku, fikiria minyoo midogo myeupe: majike hutoka kutaga mayai nje ya njia ya haja kubwa wakati mtoto amelala, na muwasho ndio unaomwamsha. Hapo hutibiwa nyumba nzima, dozi hurudiwa baada ya wiki mbili, kucha zinakatwa na mashuka yanafuliwa. Ukimtibu yeye peke yake ataambukizwa tena na kaka zake. Akikoroma karibu kila usiku, mdomo wazi, na pumzi inakatika kisha anavuta kwa nguvu, mpeleke akaangaliwe koo na pua, maana ratiba haitibu tezi zilizovimba. Akilia zaidi akilazwa chali na kushikashika sikio, lichunguzwe sikio. Na akiwa mweupe viganjani na miguu haitulii kitandani, omba apimwe wingi wa damu.

Sasa mchana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo. Piga hesabu: akilala kwa muda wa saa mbili mchana, usiku zinabaki kama kumi. Ukimlaza saa moja jioni, usishangae akifumbua macho saa kumi na moja alfajiri anadai uji. Usingizi wa mchana uwe mmoja, baada ya chakula, na awe macho ifikapo saa tisa. Kinachoharibu nyumba nyingi ni ule wa saa kumi na moja jioni, mgongoni mwa dada anayepika. Anasinzia kidogo tu, lakini saa mbili anakuwa mtu mpya.

Chakula cha jioni apate saa moja, chenye maharage, njugu zilizosagwa au parachichi, siyo uji mwepesi peke yake. Chai ya rangi hapana. Ina kafeini, na juu ya hayo inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Halafu mambo yafuatane vilevile kila siku, kwa kama nusu saa: aoge, anyonye, apige mswaki, akojoe, aingie kwenye chandarua, taa izimwe. Runinga izimwe pia, hata kama ndiyo saa ya taarifa ya habari. Shemeji yangu atasikiliza kwenye simu, nje.

Umeona ziwa nimeliweka wapi? Kabla ya mswaki. Mnyonyeshe sebuleni taa ikiwaka, akiwa macho. Lengo ni kulitenganisha ziwa na usingizi, siyo kumwachisha. Mchana aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi mkipenda. Akishaingia kitandani, kaa pembeni yake, weka kiganja tumboni mwake na kitulie. Usimpigepige. Imba ukitaka, ila wimbo mmoja. Usiku wa kwanza huenda ukachukua dakika 40 au zaidi. Kisha huenda ukaja usiku mmoja mbaya kuliko huo, kwa kuwa anaongeza nguvu kwenye njia iliyokuwa ikimfaa. Ukikubali usiku huo baada ya dakika 40 za kilio, amejua bei.

Akiamka katikati ya usiku, kata taratibu. Tazama saa: kama hunyonya dakika 10, mpe 8 kwa siku mbili, kisha 6, kisha 4, halafu basi, kiganja tu. Muda ukiisha usimvute, atauma. Ingiza ncha ya kidole chako kidogo kwenye kona ya mdomo wake, kati ya fizi, hadi usikie hewa ikiingia, ndipo utoe chuchu na kumwinua kidevu kidogo ili mdomo ufunge. Lala na fulana iliyobana shingoni. Kanga mtoto anaifungua gizani bila hata kuamka vizuri. Ikifika wiki ya pili, baba yake ndiye alale upande wa mtoto, kwani harufu ya maziwa peke yake inatosha kumkumbusha.

Utashauriwa umpe piritoni kidogo alale. Usifanye hivyo. Ni dawa ya mzio, siyo ya kulaza. Watoto wengine badala ya kulala huchangamka kupita kiasi, na ikizidi ni sumu. Mwingine atakwambia ni mchango na kukuletea chupa ya mizizi ambayo hakuna ajuaye kipimo chake.

Kuna jambo moja linalotisha zaidi ya ukubwa wake. Saa moja hadi tatu baada ya kulala, mtoto anaweza kuketi ghafla, macho wazi, akapiga kelele na asikutambue. Huko ni kuweweseka. Usimwamshe wala kumtikisa. Zuia asianguke, subiri, atalala tena na asubuhi hatakumbuka. Lakini akikakamaa au viungo vikirukaruka, hasa mwili ukiwa wa moto, hiyo ni degedege: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na mwende hospitali.

Akipata homa katikati ya zoezi, liache lote. Mnyonyeshe atakavyo na apimwe malaria siku hiyohiyo. Akishapona na kula vizuri siku mbili, rudi kwenye usiku wa kwanza. Mara hii huwa haichukui muda mrefu kama mwanzo.