Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mabinti Waliotoroka

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu, ingawa mwezi huu mzima amekuwa akinung'unika kwamba taa ya sebuleni inachelewa kuzimwa kwa sababu yangu. Uliniuliza kwenye simu ninasoma nini siku hizi, na kwa kuwa jibu lake halikufaa kutolewa kwa haraka, nimeona nikuandikie.

Nimesoma riwaya nne: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Sikuzichagua kwa mpango wowote. Ndizo zilizokuwamo kabatini, nyingine zikiwa bado na mistari ya penseli uliyopiga ulipokuwa ukijiandaa kwa mtihani. Nilipofika ya nne ndipo nilipotambua kwamba wanaume wanne, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wakinisimulia habari za binti anayebanwa na baba au mume hadi akatoka, na mimi nikawa nasoma kwa hamu ya kujua nani atampokea huko nje.

Aliyeniumiza zaidi ni Rosa. Baba yake, Zakaria, mlevi asiyeitunza nyumba yake, anamchapa kwa ajili ya barua ya mvulana, kisha binti huyo anakwenda kusoma mbali akiwa hajafundishwa lolote juu ya wanaume isipokuwa kuwaogopa. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ilizuiwa shuleni. Inasemwa kwamba sababu ilikuwa mambo ya mapenzi, lakini mimi nadhani wakubwa walikereka vilevile kuona lawama ya kuharibika kwa binti ikiwekwa mlangoni kwa mzazi. Hata hivyo nina ugomvi na Kezilahabi kuhusu Regina, mama yake Rosa. Nilitamani sana kumsikia akizungumza na mwanawe faraghani, kwa maana mwanamke anayenyamazishwa mbele ya mumewe hakosi maneno ya kumwambia bintiye wanapobaki wawili jikoni.

Katika Utengano, Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani huku yeye mwenyewe akiyafanya nje yote anayoyakataza. (Mabwana wa namna hiyo hawakuisha na riwaya, shangazi yako angeweza kukutajia wa mtaani kwetu.) Maimuna anatoroka na kuangukia katika ulevi na umalaya. Rehema wa Nyota ya Rehema naye anaikimbia nyumba ya Fuad, baba mwenye mashamba na asiyemtaka, na mji unamtesa kabla hajaolewa na Sulubu, mkulima maskini ambaye, nakiri, nilimpenda kuliko mwanamume mwingine yeyote katika vitabu hivi vyote.

Baada ya riwaya hizo tatu nilikaa nikijiuliza kwa nini binti anayetoka lazima alipe kwa mwili wake, au kwa uhai wake kama Rosa. Sidhani kwamba waandishi walitaka tuiogope dunia ya nje. Wanaishitaki nyumba, na wanaishitaki vizuri. Lakini ushahidi wao ni mateso ya binti, na kadiri anavyoteseka ndivyo kesi yao inavyopata nguvu. Jambo hilo lilianza kunichosha.

Ndipo nikafika kwa Yasmin wa Vuta n'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999 na inayosimulia Zanzibar ya enzi ya Waingereza. Ameozwa Bwana Raza, mzee wa kumzaa, naye akamkimbia, na jamaa zake mwenyewe wakamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, asiye na mali, ambaye hamhoji wala hamdai heshima iliyopotea. Watu wakiizungumzia riwaya hii, na hata filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021, humtaja kwanza Denge, mpenzi wa Yasmin, na harakati zake dhidi ya wakoloni. Mimi naona bila Mwajuma pasingekuwa na hadithi, kwani Yasmin angeishia alikoishia Maimuna, na Denge asingemkuta popote.

Ndiyo maana uliponiambia kwamba umemkaribisha chumbani kwako mwenzako aliyefukuzwa kwao, baba yako aliuliza maswali mengi, nami sikuwa na swali hata moja. Mwambie akija likizo aje nawe; chumba cha marehemu bibi yako kiko wazi.

Jambo la mwisho ni la kukutuma. Baada ya kuwasikiliza wanaume wanne wakieleza mambo ya mabinti, sasa nataka kumsikia mwanamke. Ukipita duka la vitabu huko chuoni, niulizie Nakuruto ya Clara Momanyi, na ukiipata nijulishe bei nikutumie fedha kabla hujainunua kwa posho yako.

Wako akupendaye,
Mama