YAH: MALALAMIKO KUHUSU RESIPI YA NYUMA YA BOKSI LENU NA NILIVYOCHEKWA KWENYE SIMU

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza salaam, natumaini mko salama na kazi zinaenda. Naandika kwa heshima zote na nimejitahidi nipoe kwanza ndo nikashika kalamu kuandika, kwa hiyo mkiona mahali nimepandisha sauti mnisamehe, au msinisamehe, vyovyote.

Suala lenyewe ni unga wenu wa keki wa boksi, ule wa vanila, na ile resipi mliyoichapa nyuma, ya keki za vipande zenye krimu chizi, ile jibini laini, juu. Resipi mnayo, sina haja ya kuwasomea. Ile ahadi ya usiporidhika hela yako inarudi nayo mnaijua, mmeiandika wenyewe ubavuni mwa boksi hilo hilo. Kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba nilichekwa. Nimempigia dada wenu wa huduma kwa wateja, nimemweleza vizuri tu kwamba keki imetoka na mafuta na katikati haijashika, akaniuliza maji niliweka kiasi gani. Nikamwambia dada yangu hii resipi haina maji. Akasema mama, keki bila maji haiwezekani, hapo ndipo ulipokosea. Nikamwambia geuza boksi usome nyuma. Akasema subiri kidogo mama. Alidhani ameshazima sauti kumbe hajazima, nikamsikia kabisa anamwambia mwenzake "kuna mama hapa kashindwa keki ya boksi", wakacheka, tena si kicheko cha kujibana, wakacheka mpaka basi. Halafu karudi hewani na sauti laini, "asante kwa kusubiri mama".

Asante kwa kusubiri!

Sasa tuongee habari ya hilo boksi, maana mimi sikushindwa kitu. Boksi lenu la zamani lilikuwa gramu 517. La sasa ni gramu 432. Najua kwa sababu ule upande wa resipi wa boksi la zamani niliukata na mkasi nikaubandika ndani ya mlango wa kabati, na uzito umechapwa pale kwenye kona, siagi imeudondokea lakini unasomeka. Nikaweka la zamani na jipya pembeni kwa pembeni nikasoma mstari kwa mstari. Tabaka la chini, unga wa boksi, siagi ya kuyeyusha nusu kikombe, gramu 113, na yai 1. Tabaka la juu, krimu chizi gramu 226, mayai 2 na sukari ya unga. Trei ya sentimita 23 kwa 33, moto nyuzi 175, dakika 40 hadi 45. Hakuna kilichobadilika, hata picha ni ile ile, kile kipande kimekaa kwenye sahani ya bluu na krimu imetulia juu vizuri. Kilichobadilika ni gramu 85 za unga tu, zimeondoka kimyakimya bila hata nyota ndogo ya tahadhari.

Mtu ambaye hajawahi kuoka hizi keki atasema gramu 85 ni nini. Ngoja niwaambie ni nini. Tabaka la chini linatakiwa liwe donge zito, kavu kidogo, unalikandamiza kwa vidole mpaka lifike kwenye kona zote nne za trei ndo unamwagia krimu juu. Hili la kwenu la sasa, nilipokandamiza siagi ikawa inachuruzika katikati ya vidole, na kwenye kona mbili karatasi ya kuokea ikabaki inaonekana, donge halifiki, nikilivuta huku linapungua kule. Kwenye oveni krimu ikapitia hizo kona ikaingia chini ya donge ikaungua, kingo zikawa nyeusi, katikati bwawa. Na hii keki naijua mimi, katikati inatakiwa itoke inatikisika kidogo, inakaza yenyewe ikipoa. Nikaiacha ipoe ndani ya trei, nikaiingiza na friji, kisu bado kikatoka kimelowa. Ilikuwa ya kumuaga mwenzetu kazini. Nilienda na juisi.

Dada wenu alisema ningeiacha ndani muda zaidi. Kingo zimeshakuwa mkaa, niiache ndani zaidi ili iweje jamani?

Na mnisikilize, hesabu yenyewe si ya chuo kikuu. Kama unga umepungua mpaka 432, siagi inatakiwa ishuke mpaka kama gramu 95, na trei iwe ndogo, kama 20 kwa 30 hivi. Hayo tu. Mistari miwili. Mna watu wa kuchagua rangi ya sahani kwenye picha ila mmekosa mtu mmoja mwenye kikokotoo. Najua watu ambao siku hizi wanafungua boksi la pili ili wachote nyongeza ya kujazia la kwanza, nadhani hiyo kwenu ni habari njema. Wengine wanaongeza unga wa ngano mtupu, lakini huo wenu si ngano tu, kwenye orodha yenu wenyewe sukari iko huko juu kabisa na kuna vya kuumulia ndani, ukijazia na ngano tupu utamu unapungua na kipande kinakuwa kigumu. Mtu ananunua boksi ili asipime. Hiyo ndo kazi ya boksi, hakuna nyingine. Kama natakiwa nitoe mizani, nipunguze siagi, nibadilishe trei, sasa nyie mmeniuzia nini, karatasi?

Kwa hiyo mwanzoni nilikuwa naomba vitu viwili tu. Mnirudishie hela ya boksi, na mrekebishe hiyo resipi. Basi. Ningeishia hapo na tungebaki marafiki.

Lakini kila nikikumbuka ile simu nashindwa kuishia hapo. Nilikuwa jikoni nimeiweka spika maana mikono ilikuwa na sabuni, trei naiosha, kwa hiyo na mwanangu alisikia. Ilikuwa hivi: nimemaliza kumweleza, akang'ang'ania maji, maji, maji, ni wazi alikuwa anasoma maelekezo ya keki ya kawaida yale ya mbele, ya mayai 3 na mafuta na maji, hakuwa na habari kwamba nyuma kuna resipi nyingine kabisa ya kampuni yake mwenyewe. Nikamwambia kwa upole geuza boksi. Akasema subiri kidogo mama. Ndo nikasikia "kuna mama hapa kashindwa keki ya boksi, eti resipi haina maji", na mwenzake, huyu sikumtaja pale juu kwa sababu kuandika tu kunaniuma, akasema "mwambie anunue iliyookwa tayari". Ndo wakacheka. Mwanangu akaniangalia. Mimi nimeshika sponji, sijui niseme nini, kwenye spika kampuni yenu inapiga kicheko. Halafu asante kwa kusubiri mama, kuna jambo lingine naweza kukusaidia? Nikamwambia nimesikia. Akanyamaza kidogo, akasema "mtandao unasumbua mama, sikupati vizuri", akakata.

Mtandao haukuwa unasumbua. Mtandao ulikuwa safi, shida ndo hiyo.

Na simu ilivyokatika tu ikaingia meseji yenu, tafadhali tupe alama kuanzia 1 hadi 5 kwa huduma uliyoipata leo. Nilitoa 1. Hakuna sifuri, nilitafuta.

Baada ya hapo niliwaandikia imeili. Mkajibu mimi ni mteja wenu wa thamani na mnaomba picha ya chini ya boksi yenye namba ya bechi. Nikatuma. Mkajibu tena, mtu mwingine, kwamba mimi ni mteja wenu wa thamani na mnaomba picha ya chini ya boksi yenye namba ya bechi. Nikatuma tena. Mkanitumia kuponi. Kuponi ya punguzo la kununua unga ule ule! Yaani nilipe tena, japo kidogo, ili niharibu tena siagi yangu. Simu kabla ya hiyo nayo, ile ya kwanza kabisa, alipokea kaka mmoja mstaarabu akasema atanipigia, bado namsubiri, labda na yeye mtandao unasumbua.

Sasa basi. Mbali na hela ya boksi, nataka mnilipe na vilivyoingia kwenye hiyo trei, siagi, krimu chizi, mayai matatu, sukari, maana hivyo havikuharibika vyenyewe, viliharibiwa na resipi yenye jina lenu. Risiti ninazo. Resipi irekebishwe kwenye boksi lenyewe, siyo kwenye tovuti mahali ambapo hakuna mtu anaangalia akiwa na unga mikononi, na mpaka maboksi mapya yatoke yale ya dukani yabandikwe stika. Na yule dada na mwenzake waniombe radhi. Wao, kwa sauti zao, siyo imeili ya mteja wa thamani. Simu zenu mnasema zinarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, haya, isikilizeni hiyo rekodi, ichezeni kwenye kikao chenu mbele ya wakubwa wote mkacheke pamoja.

Nilipanga kuwapa siku 14. Nimesoma tena hapo juu nilipoandika habari ya sponji, nawapa 7. Zikipita naenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji na maboksi yote mawili, la zamani na jipya, na zile imeili mbili zinazofanana neno kwa neno, na picha ya trei ikiwa na zile kona tupu. Picha hiyo hiyo naiweka na mtandaoni pembeni ya picha yenu ya sahani ya bluu, na chini yake naandika yale maneno ya dada wenu vilevile alivyoyasema, watu wajionee nani kashindwa keki ya boksi. Na kama mnafikiri natania muulizeni yule kaka aliyesema atanipigia, nilimwambia sisahau.

Hiyo kuponi nawarudishia kwenye bahasha hii hii. Mpeni yule mwenzake, akanunue iliyookwa tayari.

Wenu,
Mteja wa thamani

N.B. Mkipiga simu pigeni jioni, na yeyote atakayepiga awe ameshasoma nyuma ya boksi.