Sikuacha kazi, lakini karatasi inasema niliacha

Anti, shikamoo.

Saa hizi ni saa kumi alfajiri, huku kwetu Gongo la Mboto hata adhana bado. Sijalala. Umeme ulikatika saa nne usiku, uniti zimeisha, na sikutaka kumwamsha baba watoto aniulize hela ya LUKU imeenda wapi. Naandika kwa mwanga wa simu na chaji ni kidogo, kwa hiyo nisamehe nikichanganya mambo.

Mimi sikuacha kazi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo limenikaa kooni. Mtu mwenye watoto watatu na kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo haamki tu asubuhi akaacha kazi ya miaka tisa. Nilikuwa stoo, kiwanda kimoja cha Barabara ya Nyerere, jina sitalitaja. Diploma yangu ya ugavi niliisotea jioni baada ya zamu, mimba ya mtoto wa pili tumboni. Funguo za stoo nilikuwa nazo mimi, na siku ya mwisho nilimkabidhi mlinzi pamoja na daftari, nikamwonyesha mpaka balbu iliyoungua ili asije akasema nimeichukua. Hivyo ndivyo anavyoondoka mtu aliyeacha kazi mwenyewe?

Kule kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ninakofuatilia fao la kukosa ajira, unakujua, Anti, sina haja ya kukueleza. Nimeanza kwenda tangu Februari. Mara ya kwanza ikawa jina. Kwenye kadi ya uanachama jina la baba yangu limeandikwa kwa R, kwenye kitambulisho cha NIDA ni L. Herufi moja tu. Nikaenda kwa wakili, nikalipia kiapo, nikarudi nacho, nikaambiwa sawa mama, subiri wiki mbili. Wiki mbili zikawa sita. Nikienda, mfumo uko chini. Nikienda tena, anayeshughulikia faili yuko kwenye mafunzo. Siku nyingine nimekaa na namba yangu mkononi toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, mvua za masika zile, viatu vimelowa, nafika dirishani naambiwa, "Bado linahakikiwa." Linahakikiwa nini na sisi tuko hai, tumekaa mbele yenu?

Halafu ikaja michango. Kumbe miezi mitano ya mwisho haikupelekwa. Makato ninayo kwenye salari slipu, 60,000 kila mwezi, imekatwa, haikufika. Nikawaambia kosa ni la mwajiri, mimi mnanishikia nini? Wakasema watamwandikia barua. Nikasubiri barua. Hilo hata halikuniuma sana, wengi yamewakuta na wanalisemea kila siku.

Lililoniuma ni lile la mwezi uliopita. Siku hiyo baba watoto alisema twende wote, amechoka kusikia kesho, labda wakiona mwanaume wataheshimu. Tukafika dirishani. Yule kijana ni mpole, siku zote ananiita mama, wala simlaumu. Akafungua faili, akasoma, akageuza komputa kidogo upande wetu akasema, "Mama, lakini hapa inaonyesha uliacha kazi mwenyewe. Aliyeacha mwenyewe fao hili hapati." Akaweka kidole pale palipoandikwa sababu. KUACHA KAZI, kwa herufi kubwa. Mume wangu amesimama ubavuni anasoma. Niliona kama nimevuliwa kanga katikati ya soko.

Hakunitukana, Anti. Bora angenitukana. Kwenye daladala tumeshika bomba, kutoka Tazara mpaka Banana hakusema neno. Tunakaribia kushuka ndipo akasema, "Kumbe uliacha." Basi. Tangu siku hiyo, nikisema mchele umeisha ananiangalia tu, na mimi lile neno nalisikia. Wiki iliyopita mama mkwe amepiga simu kutoka kijijini, eti amesikia kazi ilinishinda. Nani kamwambia?

Zamani ilikuwa afadhali, mtu akiachishwa anakwenda kuchukua fao la kujitoa, yanaisha. Tangu sheria ya 2018 mambo yamebadilika, na mimi sibishani na sheria, nimeisoma kuliko hata wale wa kwenye foleni wanaojifanya wajuaji. Kupata hili fao la kukosa ajira unatakiwa uwe umechangia miezi 18, mimi nina miaka tisa. Unatakiwa uwe umepoteza ajira si kwa kuacha mwenyewe wala kwa kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Ukikubaliwa wanakupa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Mimi nilikuwa napokea laki sita, kwa hiyo ni kama laki mbili kila mwezi. Laki mbili, Anti. Si utajiri. Ni kodi, na hela ya kambi ya mwanangu wa kidato cha nne ambaye mwalimu wake ameshanipigia mara tatu. Lakini nakuambia ukweli wa Mungu, hela hata si ndiyo inayoninyima usingizi. Nataka lile neno lifutwe. Hata wakininyima hela, wafute lile neno.

Sasa hili ninaloandika hapa sijamwambia mtu yeyote.

Barua ya kuacha kazi niliisaini. Ndiyo, niliisaini. Usinihukumu kabla hujamaliza kusoma. Tulikuwa kumi na moja. Tuliitwa mwishoni mwa Januari tukaambiwa kiwanda kinapunguza watu. Afisa utumishi ndiye aliyekuwa na zile barua, zimeshachapwa tayari, mtu unajaza jina na sahihi. Na yule afisa utumishi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, toka nitoke. Ndiye aliyeniingiza pale. Jioni yake mimi nilikuwa nimegoma, nimeondoka na barua kwenye pochi bila kuisaini. Akanitumia ujumbe wa sauti. Ninao mpaka leo, sekunde 47. Anasema, "Shemeji, wewe weka sahihi tu, huo ni utaratibu wa ofisi, kule kwenye mfuko mimi mwenyewe nitaandika umepunguzwa. Usiwe na wasiwasi. Ila usiwaambie wenzako." Nyuma yake unasikia mtoto wake mchanga analia. Mtoto huyo nimemwogesha mimi siku arobaini nzima, mama yake alipokuwa amefanyiwa upasuaji. Mtu kama huyo ningemshuku vipi? Kesho yake nikasaini, nikawa wa kwanza, na wenzangu waliponiona mimi ndugu yake nimesaini na wao wakasaini. Hilo nalo nalibeba mimi.

Na kule kwenye mfuko hakuandika nimepunguzwa.

Baadaye nilipata dada mmoja wa msaada wa kisheria, akanieleza kwa nini walitaka barua zile. Kupunguza wafanyakazi kuna taratibu zake. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa, akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane, atoe notisi na alipe kiinua mgongo, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mimi kwa miaka tisa ni siku 63. Ukisaini umeacha mwenyewe, hayo yote wanayakwepa. Akaniuliza kwa nini hukwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mapema, malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30. Nikamwambia nilikuwa dirishani, dada. Siku zote hizo nilikuwa dirishani nikiambiwa nisubiri, na mimi nilisubiri kwa sababu nilimwamini ndugu. Akasema inawezekana kuomba kufungua nje ya muda, kuna fomu yake, ila lazima uwe na sababu na uwe na ushahidi.

Ushahidi ni hizo sekunde 47. Wenzangu kumi wao waliambiwa kwa mdomo, kantini, hakuna alichoandika wala kurekodi mtu. Dada mmoja wa maabara tuliyekuwa tukila naye sahani moja ndiye anayewakusanya. Nilimpigia siku moja nikiwa nimechoka, nikaropoka kwamba ninacho kitu. Sasa ananipigia asubuhi na jioni. Ijumaa wanakutana Buguruni kwa huyo dada wa msaada wa kisheria, wanataka niende na simu yangu. Mmoja wao ameshatoa vyombo vya ndani, watoto amewarudisha Singida kwa bibi yao. Huyo nikimfikiria nasema lazima niende.

Nikimfikiria baba watoto nasema siwezi. Yule shemeji amelelewa humu ndani. Mume wangu aliuza kiwanja cha Chanika, ambacho tungekuwa tumejenga leo, ili mdogo wake amalize chuo. Ndiyo fahari yake. Akikaa na wenzake kijiweni hasemi kazi zake za aluminiamu, anasema mdogo wangu ni afisa utumishi. Nikimsikilizisha ile sauti nitakuwa nimemvunjia kitu ambacho mimi siwezi kumrudishia. Nisipomsikilizisha, basi mimi ndiye niliyeacha kazi mpaka siku ya kufa kwangu.

Na kuna jingine, nilitaka nisiliandike. Mwezi wa tatu nilikuwa na mkopo wa kausha damu, nilichukua kwa kutegemea fao litatoka. Wale watu walikuja mpaka mlangoni, wakakaa kwenye ndoo zangu nje, majirani wanapita wanaona. Nikampigia shemeji nikalia. Akanitumia 300,000 kwenye simu. Hakusema ni ya nini, na mimi sikuuliza. Nikalipa deni siku ile ile, hata soda sikununua. Mimi niliichukulia kama sehemu ya haki yangu, na mpaka sasa nasema ni haki yangu, maana siku 63 zangu ni zaidi ya hiyo. Ila wiki mbili baadaye alinipigia akasema, "Shemeji, ile sauti futa. Nikipatikana nayo nimekwisha, na wewe nimekusaidia." Nilinyamaza. Yeye nadhani alichukulia nimekubali. Sikukubali, Anti. Kunyamaza si kukubali. Au ni kukubali?

Hela aliitoa kwenye mshahara wake au alipewa na kiwanda anipe, sijui. Silali kwa hilo pia.

Kuna wakati namhurumia, ana mke na mtoto, naye aliagizwa na wakubwa, si yeye aliyeamua. Kuna wakati nataka aende akasimame pale dirishani, komputa igeuzwe upande wake, asome yeye kwa sauti kile alichoniandikia. Nataka aje mwenyewe amwambie kaka yake. Sitaki aje, maana nyumba hii haitakuwa tena ile ile. Unaona nilivyo.

Naomba unisaidie, nikienda tena kwenye mfuko niwaambie nini ili sababu ibadilishwe, au hawawezi kubadilisha mpaka mwajiri aandike au Tume iseme? Na ile michango ya miezi mitano niifuatilie peke yangu au tuunganishe na wenzangu? Na simu hii, Ijumaa niende nayo Buguruni, au kwanza nimwamshe huyu aliyelala hapa nimsikilizishe yeye kabla ya watu wa nje? Nikimwambia kwanza naogopa atanizuia, na akinizuia nitatii, najijua. Nikienda kwanza, atasikia kwa watu kwamba mkewe kamshitaki mdogo wake. Dada wa maabara anasema nimtumie yeye ile sauti, atasema aliipata kwingine. Mimi uongo sitaki tena, uongo ndio uliotufikisha hapa.

Usitaje mtaa wala kiwanda. Ukurasa wako shemeji anausoma, mke wake pia. Jumapili wanakuja kula kwetu kama kawaida, baba watoto ameshaagiza kuku. Shemeji atakaa kwenye kile kiti cha karibu na mlango, atanyoosha mikono nimnawishe, atasema "Shemeji, pole na kazi," kama anavyosema siku zote. Nijibu vipi? Nijibu Ijumaa ikiwa imepita au haijapita?

Nakuomba unijibu kabla ya Alhamisi.

Mimi mama wa watoto watatu,
Dar es Salaam