Malalamiko: tangazo la muvi ya visu saa moja na nusu jioni

Kwa huduma kwa wateja, na yeyote anayepanga matangazo hapo kwenu,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa Buguruni, king'amuzi chenu ninacho mwaka wa nne huu na kifurushi nalipia kila mwezi, sijawahi kuwaandikia hata mvua ikinyesha chaneli zikakata, maana mvua ni ya Mungu. Ila hili la tangazo la muvi limenishinda.

Iko hivi. Saa moja na nusu kuna ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti ya Kiswahili, nyumba nzima tunaangalia, mama mkwe wangu, wanangu watatu, na watoto wa mpangaji mwenzangu ambao kwao umeme wa luku umeisha (ndo kawaida yao ikifika katikati ya mwezi, si neno). Sa jumanne iliyopita yule dada ndo anataka kusema anaolewa na nani, mkakata, mkaweka tangazo, si la sabuni wala la mtandao wa simu, la muvi, jamaa anamvuta mwenzie nywele anamchoma kisu cha shingo, damu inaruka mpaka kwenye kioo cha gari, na sauti imepanda ghafla hadi mama mkwe kamwaga chai. Alafu maandishi, Jumamosi saa nne usiku. Rimoti nilikua nayo mkononi, lakini king'amuzi chenu mnakijua wenyewe, ukibonyeza kinawaza kwanza, mpaka kikubali mtu keshakufa.

Kitinda mimba wangu ana miaka sita. Toka siku ile magharibi ikiingia haendi choo cha uani peke yake, lazima nisimame mlangoni naimba ili ajue nipo. Juzi kaniuliza, mama, yule mtu wa kisu anakaa wapi? Nikamwambia anakaa Ulaya, nikajua nimemaliza, akasema Ulaya si ndo anakokaa mama mkubwa, akaanza kulia upya.

Nikawapigia. Nimebonyeza moja, nimebonyeza tatu, nimesikiliza muziki wenu mpaka salio linakaribia kuisha, akapokea kijana, adabu anayo sikatai, akanishauri niweke namba ya siri ya kuzuia watoto. Hiyo namba nimeweka toka siku ya kwanza! Inafunga chaneli, inafunga na vipindi vyenye alama ya umri. Tangazo haliji na alama yoyote, linakuja limejificha ndani ya tamthilia ya familia, sa nifunge nini? Akasema basi badilisha chaneli mama. Habari ya rimoti nshaieleza hapo juu.

Yani kinachoniuma ni kwamba muvi yenyewe mmeipangia saa nne usiku. Mana yake mnajua kabisa ni ya wakubwa. Alafu vile vipande vibaya kuliko vyote mnavikusanya, mnavibana kwenye nusu dakika, mnawapa watoto jioni bila hata neno la onyo. Anayekaa mpaka saa nne kuangalia kachagua mwenyewe, sisi tulichagua harusi ya Kituruki.

Na msidhani mimi ni mtu wa kuogopa muvi. Mume wangu muvi za kutafsiriwa na ma-DJ hazimpiti, na mtaani kwetu kibanda umiza, banda la kuonyesha muvi kwa kiingilio, kipo nyumba ya tatu. Mwanangu nikimkuta kule, kosa lake na adhabu yake anaijua. Nyie mmenihamishia kibanda umiza sebuleni na hela ya kiingilio mnanidai mimi.

Dada yangu, huyo huyo mama mkubwa, yuko Leicester, anasema Uingereza mpaka ni saa tatu usiku, vitu visivyofaa watoto kwenye TV vinasubiri hapo. Na Marekani trela za muvi wanakata za aina mbili, ya kibao cha kijani iliyopunguzwa makali ifae watazamaji waliopo, na ya kibao chekundu ya wakubwa. Kwa hiyo kutangaza muvi bila kutuonyesha shingo ya mtu inawezekana, kazi ni ya mkasi tu. Hata hapa kwetu sheria ya filamu ipo toka 1976, na Bodi ya Filamu inakagua na kupanga madaraja, sasa daraja lina faida gani kama nyama mnaikata vipande mnaipitisha dirishani?

Ninachotaka, hilo tangazo litoke jioni lipite baada ya saa tatu, au mlikate upya. Na sauti ya matangazo mshushe, mama mkwe ana presha. Nimeulizia utaratibu, malalamiko yanaanzia kwa kampuni, ikishindikana yanaenda TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, na wana Kamati ya Maudhui. Nimeanza na nyie. Nyakati zote nimeandika kwenye daftari langu la oda za cherehani, jumanne saa moja na dakika arobaini na nane, na jumatano mara mbili.

Simu yangu mnayo, ndo hiyohiyo mnayoitumia meseji kifurushi kikibakiza siku tatu.