Barua kwa Somo Yangu wa Maskati Kuhusu Bahasha ya Mapazia

Unguja, 24 Ramadhani 1446

Somo yangu mpenzi,

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima pamoja na watoto na wajukuu, na kwamba funga inakwenda kwa wepesi. Sisi huku hatujambo. Tumo katika kumi la mwisho, na mvua za masika zimeanza kunyesha usiku, hata wakati wa daku husikia mabati kabla sijasikia ngoma. Wote uliowataja wamepata salamu zako, na Bi Mwajuma amenituma nikukumbushe ile kanga aliyokuazima siku ya harusi ya Asha, akisema kuwa hakusamehe bado.

Kilichonikalisha kuandika ni ile bahasha. Kijana wako aliifikisha salama siku ya Alkhamisi, akanikabidhi mkononi mbele ya mjukuu wangu, nikahesabu nikakuta riali 50 kamili, pamoja na karatasi yako uliyoandika kuwa fedha hizo ni za mapazia mapya na za kubadilisha makochi, ili Idi isinikute nimekaa kinyonge. Nimekushukuru na nimekuombea dua, kisha nikaifungia katika kasha la marehemu mama, na tangu siku hiyo sijaigusa. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu hukatika, na hata isipokatika unanikatiza wewe. Hili nataka ulisome mpaka mwisho ndipo unijibu.

Fedha iliyotolewa kwa shughuli maalumu ni amana, na amana haigeuzwi matumizi bila ya idhini ya mwenyewe. Mimi sihitaji mapazia, wala makochi. Naomba idhini yako niielekeze kwingine, na nitakwambia wapi, ila kwanza niruhusu nikueleze ninavyoishi, kwa sababu nimeona katika maandishi yako kuwa unanihurumia, na huruma hiyo imenikaa moyoni siku zote hizi.

Mapazia yangu ni yale yale ya rangi ya maji ya bahari uliyoyaona ulipokuja kwenye msiba wa mama yako. Nimeyafua Jumapili, nimeyaanika uani kabla mvua haijarudi, na yale mawili yaliyopauka upande wa jua nimeyafumua pindo nikayageuza, juu yakawa chini na nje ikawa ndani. Mjukuu ndiye aliyeyatundika, maana mimi sipandi kiti tena. Makochi nimeyashonea vitambaa vipya kwa doti ya kanga niliyokuwa nimeiweka, na mashine ya cherehani bado inanitii, ingawa sindano hutungiwa uzi na mtoto. Chokaa nimepaka ukuta wa barazani peke yake, mahali ambapo watu hukaa na kuegemea. Mkeka nimenunua mmoja wa ukili, na harufu yake ya ukindu mbichi imeenea ukumbi mzima kiasi kwamba nimeona hata udi niuache mpaka usiku wenyewe wa takbira. Hayo ndiyo matayarisho yangu yote ya nyumba, somo yangu, na yamenichukua siku tatu nilizozifanyia kazi asubuhi tu, mchana nikapumzika.

Jana nilipima mchele wa zaka ya fitri. Utakumbuka kuwa marehemu mume wangu alikuwa akiipima mwenyewe, pishi moja kwa kila roho iliyomo ndani ya nyumba, vibaba vinne kwa kila pishi, na hakukubali kutumia mizani hata watu walipoanza kusema kilo mbili na nusu. Nyumba ilipojaa tulikuwa tukipima pishi tisa: mimi, yeye, mama na watoto sita. Mwaka huu nimepima mbili, yangu na ya mjukuu. Nilipomaliza, mkono ulitaka kuendelea kuchota kwa mazoea, na hapo nilisimama nikakitazama kibaba kwa muda. Nilidhani nitalia. Badala yake nilijikuta nikiwahesabu mmoja mmoja: watoto sita wanajipimia wenyewe katika nyumba zao, tena wanawapimia na watoto wao, na wawili wako mbele ya haki. Hakuna hata mmoja ambaye sijui alipo. Nilifunga mchele wangu katika vifuko viwili, nikaviweka tayari kwa wenyewe kabla ya sala ya Idi, na usiku huo nililala usingizi mzuri kuliko siku nyingi.

Sasa nikukumbushe jambo ambalo pengine Maskati imekusahaulisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vilipokuwa vya mgao na foleni, mimi na wewe tulikuwa na miaka 13 au 14, tukipangiwa zamu ya kusimama na kikapu tangu alfajiri. Mwaka mmoja Idi ilikaribia na hakuna nyumba yenye mchele wa kutosha. Mama yako na mama yangu walichanga vibaba vyao, wakauroweka mchele pamoja, wakausaga kwa tui zito na iliki, na ukapikwa mkate wa kumimina mmoja tu kwa nyumba mbili, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Tulikaa karibu na seredani tukiinusa ile iliki kana kwamba ndiyo karamu yenyewe. Ulipoiva, mama yako aliukata vipande vyembamba sana, akatutuma tupeleke kwa majirani kwanza, na sisi tukala vilivyobaki. Mchana tukaenda viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja na magauni yaliyoshonwa kwa doti moja ya kanga, wewe ukapata upande wenye jina na mimi nikapata upande wenye pindo. Sikukuu siku nne, gauni lile lile. Tulilifua kila usiku na asubuhi tukalivaa likiwa na ubichi kwapani. Je, ulijiona kinyonge siku hizo? Mimi sikujiona, na sikumbuki kwamba mama zetu walikuwa na pazia lolote zaidi ya lile la mlangoni.

Unyonge nilikuja kuujua baadaye, tena wakati nilipokuwa na vingi. Wewe ulikuwa umekwishaondoka, mwaka 1975, katika wale wengi waliokwenda baada ya Sultani Qaboos wa Omani kufungua mlango, na barua zako zilichukua miezi kufika, kwa hiyo sikukusimulia. Miaka ile watoto walipokuwa wadogo nilianza matayarisho kabla hata ya mwezi wa Shaabani kwisha. Nilioka vileja ndoo nzima, visheti beseni mbili, nikakaanga tambi, nikashona sare za watoto sita, nikabadilisha mapazia kila mwaka kwa kuwa jirani wa ukutani alibadilisha yake. Mwaka mmoja fundi mmoja, ambaye nilimpa kazi kwa sababu macho yalikuwa yamechoka, alifunga duka usiku wa kuamkia Idi na nguo za watoto zikiwa ndani, na mimi nikawapiga watoto kwa sababu walilia. Nimeshaomba radhi kwao walipokuwa wakubwa. Wao wamesahau, mimi sijasahau. Na siku ya Idi yenyewe, mara ngapi nilishindwa kukaa na wageni, nikajifungia chumbani kwa kichwa kuniuma! Mume wangu alikuwa akipokea watu ukumbini peke yake, akiwaambia kuwa nimechoka kidogo. Laiti ningeipata tena hata Idi moja katika hizo, ningekaa naye kwenye kochi kuukuu na sahani moja ya tambi.

Kwa hiyo unaponiandikia kuwa nyumba yangu imepoa na unahofu kwamba uzee umenikunja, nakuomba ulione jambo hili kwa upande wangu. Nina miaka 68. Magoti yananiuma nikitoka kwenye sijda, jicho la kushoto lina ukungu, na kupanda ngazi za sokoni nimewaachia vijana. Hayo sikufichi. Lakini kila baada ya alasiri hukaa barazani na mbuzi yangu ya nazi, nikikuna polepole kwa sababu hakuna anayenihimiza, na wanaopita wote hunisalimia, watoto wa chuoni wakinipa mkono na kuubusu, wengine wakikaa kidogo kunisomea sura waliyohifadhi. Zamani wangepita tu, maana nilikuwa ndani nikioka. Wanawake vijana wa mtaani huja kuuliza kiasi cha hamira na muda wa kuuacha mkate uumuke, na mmoja wao amefiwa na mama yake mwezi wa Rajabu, huyo hakai kuuliza chochote, hukaa tu. Nisingepata nafasi ya kukaa naye ningekuwa na ndoo ya vileja inayonisubiri. Sijui niite nini hali hii. Neno linalonijia ni kuridhika, ingawa ndani yake imo na huzuni, kwa sababu usiku wa takbira bado nasikiliza hatua za mume wangu zikirudi kutoka msikitini, nami najua hazitarudi.

Chakula cha Idi mwaka huu nimekipanga hivi: mkate wa kumimina mmoja mkubwa, kuku wa mchuzi, na tambi. Basi. Mchele nitauroweka mwezi utakapotangazwa, na kusaga nitasaga kwa blenda aliyoniletea binti yangu, maana hilo sioni sababu ya kulikataa. Nazi zimepanda bei mno, jambo linalonisikitisha katika kisiwa chenye minazi kama hiki, lakini mbili zitatosha. Idi mosi nitakuwa na mjukuu na majirani. Idi pili watoto wa Dar es Salaam watavuka kwa boti, na pilau watapika wao, nimekwisha kuwaambia. Binti mkubwa alinung'unika, akasema watu watasema mama ameachwa, na nadhani ni yeye aliyekupigia simu mpaka ukaleta fedha za makochi. Usimlaumu. Naye bado yuko katika umri wa kuhesabu sahani.

Nirudi sasa kwenye bahasha. Umeleta riali 50, na mwaka huu inatimia miaka 50 tangu uondoke. Sidhani kama ulikusudia, lakini niliwaza hivyo nilipokuwa nikifunga kasha, na wazo halikuniacha. Katika miaka hiyo yote umekuja mara tatu, na mara zote tatu ni kwa ajili ya kuzika. Umenikuta nimejifunika kanga, nimekupa mkono wa pole, umekaa arubaini au hukufika hata arubaini, ukarudi. Hatujasali Idi pamoja tangu tulipokuwa wasichana. Ninakuomba uniruhusu fedha hii iwe mwanzo wa nauli yako. Najua haitoshi, nami nitaongeza ninachoweza, kidogo kidogo, katika kasha hilo hilo, na kijana wako akitaka aongeze yake. Idi kubwa iko siku sabini hivi baada ya hii. Masika itakuwa imekwisha, jua halijawa kali, nawe hukuchinja huku tangu uhai wa baba yako. Ukishindwa, basi hata Idi ndogo ya mwakani, ila nisingependa tusogeze mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa mimi na wewe tunajua umri wetu, na bado sote wawili tunaweza kutembea kutoka nyumbani kwangu mpaka Mnazi Mmoja tukipumzika njiani. Chumba cha uani kina kitanda cha besera cha mama, neti mpya, na dirisha linalotazama mwasumini uliopanda wewe. Pazia lake ni kuukuu. Utalala vizuri.

Ukikataa, nitafuata neno lako: nitanunua mapazia kama ulivyoandika, wala sitakuwa na kinyongo, kwa kuwa fedha ni yako na nia yako ilikuwa njema. Lakini usikatae kwa sababu ya aibu tu ya kurudisha mkono.

Sasa nijibu, tafadhali, na usiniruke hata moja. Je, daktari amesema nini kuhusu lile goti, na anakuruhusu kukaa ndani ya ndege saa zote hizo? Mumeo atakubali kubaki na watoto, au naye atataka kuja, maana akija itabidi nitafute kitanda cha pili mapema? Bado unaijua njia ya kufunga kikuba cha maua, au wajukuu wako wa huko hawajawahi kukiona? Mkate wa kumimina unaupika, na je, unaumuka katika joto la huko au unamwagika? Unakumbuka ni kipande kipi cha mkate ule tulichogombania, na nani alikula? Mimi nasema ni wewe. Na ile kanga ya Bi Mwajuma, unayo kweli? Ikiwa unayo, uje nayo, maana atakuwa wa kwanza kubisha hodi.

Nipe salamu zako kwa sauti, lakini idhini nitumie kwa maandishi. Bahasha imo kashani, ufunguo ninao shingoni, na nitasubiri neno lako mpaka mwezi wa Mfunguo Pili.

Wasalaam,

Somo yako